Tembo ni nyama ya nani? Gemu za kompyuta na historia tunayoijua pwani

Katika gemu ya Age of Empires iliyotoka mwaka 1997, mchezaji anaanza na wanakijiji wachache, jengo moja kubwa na njaa. Akitaka mji wake ukue, kwanza atafute chakula. Anaweza kuchuma matunda ya vichakani, kuvua samaki, kuwinda swala au kumwendea tembo. Swala mmoja ana chakula cha 150. Tembo ana 300, lakini hapigwi akasimama kimya. Anageuka, na mwanakijiji asiyejipanga hufa.

Ndiyo maana wachezaji wazoefu hupeleka watu wengi kwa pamoja, wakamwangusha, wakabeba nyama hadi kwenye ghala, kisha wakatafuta mwingine. Akishakwisha, mzoga unatoweka. Pembe hazionekani popote katika hesabu.

Hapa Raskazone tunaitazama bahari ambayo kwa karne nyingi pembe za ndovu zilipita juu yake, kwa hiyo jambo hilo limetushangaza kidogo. Kwenye gemu tembo ni nyama tu. Kwenye historia ya pwani yetu tembo alikuwa pembe tu, na nyama yake karibu haitajwi. Katika makala haya tunaeleza tofauti hiyo imetoka wapi, na kwa nini inamhusu mkulima wa mahindi anayepakana na hifadhi leo.

Gemu imepatia wapi?

Tuanze na haki ya gemu. Mambo matatu imeyaeleza vizuri.

La kwanza ni hatari. Tembo dume mkubwa wa Afrika anaweza kufika tani 6, na hakuna jamii iliyomwinda kwa mikuki au mishale bila kuzika watu. La pili ni ushirikiano, kwa sababu kazi hiyo ilihitaji watu wengi, hasa baada ya mnyama kuanguka. La tatu ni kuoza. Katika Age of Empires nyama ya mzoga hupungua yenyewe kadiri muda unavyopita. Kwa joto la nyika ni hivyo hivyo. Nyama ya tembo mmoja ni nyingi kuliko kijiji kinavyoweza kula kwa siku mbili, kwa hiyo lazima ikatwe vipande virefu na kukaushwa upesi, la sivyo fisi na tai ndio watakaofaidi.

Iliyokosea ni hesabu ya tembo mwenyewe. Kwenye gemu ramani ina tembo kadhaa waliowekwa tangu mwanzo, hawazai, na mchezaji anashinda kwa kuwamaliza kabla ya jirani yake hajawafikia. Tembo halisi hubeba mimba kwa miezi 22, na jike huzaa mara moja kila baada ya miaka minne au mitano hivi. Anayekula tembo kila msimu na akataka awepo tena kesho hawezi kucheza hivyo.

Walikuwepo watu waliomla tembo

Walikuwepo, na habari zao ni za zamani sana. Mwandishi wa Kigiriki Agatharchides, aliyeishi karne ya 2 kabla ya Kristo, aliandika kuhusu wawindaji wa upande wa Bahari ya Shamu ambao Wagiriki waliwaita wala-tembo. Wafalme wa Misri wa ukoo wa Ptolemy walikuwa wakitafuta tembo hai wa kupeleka vitani. Mfalme akawaomba wawindaji hao waache kuwaua, awachukue wazima. Walimjibu kwamba hawabadilishi maisha yao hata wakipewa ufalme wake wote.

Mpenzi wa gemu za mikakati ataelewa mgogoro huo mara moja. Mnyama ni yule yule, ila mmoja anamwona kitoweo na mwingine anamwona askari. Mwaka 217 kabla ya Kristo tembo wa Ptolemy wa Nne walipambana na tembo wa mfalme Antiochus katika vita vya Raphia, karibu na Gaza ya leo.

Karibu zaidi na sisi, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, wapo Waata, ambao majirani zao wengi waliwaita Waliangulu. Hawa ni watu wa nyika ya nyuma ya Malindi na Mto Galana. Waliwinda tembo kwa upinde mrefu na mzito ambao mtu asiyezoea hawezi kuuvuta hadi mwisho, na kwa mishale iliyopakwa sumu ya mti wa msunguti, ambayo husimamisha moyo. Nyama ilifaa kuliwa baada ya kukata na kutupa sehemu iliyozunguka jeraha. Pembe waliziuza kwa wafanyabiashara waliozishusha pwani. Kwa Waata, nyama na pembe zilikuwa riziki moja.

Pwani ilitaka pembe

Kwa watu wa mijini pwani habari ilikuwa nyingine. Wengi wetu huku ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambayo humhesabu tembo miongoni mwa wanyama wenye chonge, na nyama yake ni haramu. Hata neno tembo kwa mzee wa Tanga laweza kumpeleka kwenye mnazi kabla ya kumpeleka porini. Mnyama mwenyewe wazee walimwita ndovu, na hata leo tunasema pembe za ndovu, ingawa kwa kweli zile ni meno.

Msafiri al-Masudi, aliyefika pwani hii karne ya 10, aliandika kwamba Wazanji waliwaua tembo wengi lakini wao wenyewe hawakuwa na matumizi makubwa ya pembe. Zilikwenda Oman, na kutoka huko zikaenda India na China. Miaka 900 baadaye mzigo ulikuwa ule ule, ila wanunuzi wameongezeka. Pembe kutoka Zanzibar zilifika hadi jimbo la Connecticut, Marekani, kwenye viwanda vilivyotengeneza vibao vyeupe vya piano. Mji mmoja huko unaitwa Ivoryton mpaka leo, yaani mji wa pembe.

Pangani ilikuwa mlango mmojawapo wa biashara hiyo. Misafara ilipanda kufuata mto, ikapita chini ya milima ya Usambara na Upare hadi Kilimanjaro na Umasaini. Ilirudi na pembe mabegani mwa watu, zikahesabiwa kwa frasila, na frasila moja ni karibu kilo 16.

Njiani kulikuwa na Mazinde, makao ya Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa. Kimweri alipofariki mwaka 1862 kiti kilikwenda Vuga kwa mjukuu wake Shekulwavu. Lakini Semboja alikaa pale tambarare misafara ilipopita. Biashara ikampa bunduki na baruti, na bunduki zikampa nguvu ya kumwondoa Shekulwavu. Vita vilivyofuata viliisambaratisha Usambara. Watu walitekwa na kuuzwa utumwani, wengi wakishushwa Pangani kwa njia ile ile ya pembe.

Huu ndio mkakati ambao Age of Empires haiuonyeshi. Tembo wa gemu anaongeza chakula ghalani, basi. Tembo wa Mazinde aliongeza bunduki, na kila bunduki iliyoongezeka ilipunguza watu vijijini.

Mwindaji na jangili

Wajerumani walipoitawala nchi waliona tembo wanakwisha. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji iliyodai leseni ya kulipia. Kuanzia hapo kuua tembo hakukukatazwa, kulipangiwa bei. Mzungu mwenye fedha na kibali alikuwa mwindaji. Mtu wa kijijini mwenye upinde, ambaye baba yake na babu yake waliishi kwa kazi hiyo, akawa mhalifu. Kiswahili kikampa jina lake: jangili.

Waata walilionja hilo chini ya Waingereza. Mwaka 1956 na 1957 ilifanyika operesheni kubwa kuzunguka hifadhi ya Tsavo na wawindaji wengi wakafungwa. Baadhi ya maofisa wenyewe waliona kuna lisilokaa sawa, na mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, ambapo Waata wangewinda tembo kihalali kwa idadi iliyopangwa. Haukudumu miaka mingi. Eneo likageuzwa ranchi ya ng'ombe, na Waata wakabaki bila upinde na bila ardhi ya kusema ni yao. Mwaka 1970 na 1971 ukame uliikumba Tsavo, na maelfu ya tembo wakafa kwa njaa ndani ya hifadhi iliyokwisha kuwaondoa walaji wake.

Hatusemi upinde ungewaokoa tembo. Tunasema kwamba maamuzi yalifanywa bila kumuuliza mtu aliyemjua tembo kuliko wote.

Swali hilo halijafa. Tangu Septemba 2023 madume kadhaa wenye pembe kubwa, waliozoea kuvuka kutoka Amboseli, Kenya, wameuawa upande wetu wa mpaka katika eneo la Enduimet na watalii wenye vibali. Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977. Tanzania inauruhusu kwa leseni. Wanasayansi wa Amboseli wamelalamika, na wanaotetea biashara hiyo wanasema fedha zake ndizo zinazolinda mapori. Wakati hoja hizo zinaendelea, sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2009 inamhesabia mwanakijiji kipande cha nyama ya tembo kuwa nyara za serikali. Akikutwa nacho chunguni bila kibali, kifungo kinaweza kufika miaka 20 au zaidi.

Kwa nini ulinzi ulikuwa lazima

Msikilizaji asituelewe vibaya. Ukali huo una sababu. Hesabu ya mwaka 2009 ilikuta tembo wapatao 109,000 nchini. Ile ya mwaka 2014 ilikuta 43,000 na ushei. Katika miaka mitano zaidi ya nusu walikuwa wamekwisha, na waliowamaliza hawakuwa watu wenye njaa ya nyama. Mizozo mingi iliachwa ioze, uso umekatwa. Februari 2019 mahakama ya Kisutu ilimhukumu mfanyabiashara Yang Fenglan kifungo cha miaka 15 kwa shauri la vipande 860 vya pembe. Njia ya al-Masudi, kutoka pwani hii kwenda mashariki, ilikuwa bado inafanya kazi.

Tangu ulinzi uimarishwe tembo wameanza kurudi. Mkomazi, ambayo sehemu yake imo ndani ya mkoa wetu, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2008, na tembo wake huvuka kwenda na kurudi Tsavo kama mtu anayetoka sebuleni kwenda uani. Saadani, inayoanzia upande wa Pangani, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Hii ni heri. Lakini tembo anayerudi anarudi na tumbo lake. Usiku mmoja unatosha kundi dogo kumaliza shamba la mahindi lililotegemewa kulisha kaya mwaka mzima.

Serikali ina malipo kwa ajili ya hilo. Kifuta jasho ni cha mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi ni cha mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Majina yenyewe yanasema ukweli kwamba si fidia. Kitambaa hufuta jasho, hakirudishi shamba. Kwa hiyo mkulima wa leo yuko upande wa pili wa gemu. Yeye hapati chakula kutoka kwa tembo. Tembo ndiye anayepata chakula kutoka kwake, na mkulima haruhusiwi kuinua mkono.

Tunajifunza nini?

Hatuwaombi wazazi wazime kompyuta. Kijana anayecheza gemu hizi anajifunza kupanga, kuhesabu na kusubiri, na wengi wamesikia majina ya Misri ya kale na Ashuru huko kabla ya darasani. Katika Civilization VI ya mwaka 2016 Zanzibar imo, ikitoa karafuu na mdalasini. Ni jambo la kufurahisha kukuta jina la nyumbani. Tunachoomba ni kijana aulize gemu imeacha nini nje. Pembe za yule tembo zilikwenda wapi? Nani alizibeba? Baada ya tembo wa mwisho kwenye ramani, wanakijiji wale walikula nini?

Walimu wa historia wanaweza kuyachukua maswali haya kama yalivyo. Mwanafunzi wa Pangani anayeonyeshwa kwamba gati ya mji wake ilikuwa ncha moja ya njia iliyoishia kwenye piano za Marekani hatalisahau somo hilo upesi.

Na kijana wa Tanga atakayetengeneza gemu yake, kwani siku hizi hilo linawezekana, huenda akavutiwa kwanza na Novemba 1914, Waingereza na askari wao wa Kihindi waliposhuka hapa hapa Raskazone wakatimuliwa, nyuki nao wakitia mkono. Ni kisa kizuri. Sisi tungemshauri aanze na Mazinde. Ampe mchezaji tembo mmoja, kisha amwachie achague: nyama kwa kijiji chake leo, pembe kwa ajili ya bunduki kesho, au amwache apite, akijua kwamba usiku ataingia kwenye mahindi. Hakuna jibu kati ya hayo lisilo na gharama, na wanaoishi jirani na Mkomazi wanailipa mpaka sasa.