Kamera Ikichemka, Sherehe Haisubiri

Anayemlipa mpiga video wa harusi, mahafali au mkutano analipia uhakika. Bibi harusi hatarudia kiapo kwa sababu kamera imejizima. Kamera kuchemka na kukata katikati ya shughuli ni tatizo linalozuilika, na wa kwanza kulizuia ni mwenye kamera.

Chanzo kinajulikana. Picha moja ya 4K ina nukta milioni 8.3 hivi, mara nne ya Full HD. Ya 8K inapita milioni 33. Sensa inazisoma zote, prosesa inazibana, kadi inaziandika, mara 25 au 50 kwa kila sekunde. Kazi hiyo inazaa joto, na kamera nyingi za sasa ni ndogo na hazina feni. Joto likizidi, kamera inajizima ili isiungue.

Canon EOS R5 ilipotoka mwaka 2020, Canon wenyewe walitaja kikomo cha dakika 20 hivi za 8K, tena kwenye nyuzi 23. Mchana wa Februari, Dar es Salaam na Mombasa hupita nyuzi 30 kivulini. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilileta R5 C, yenye feni ndani, kwa wanaorekodi muda mrefu.

Asiye na kamera ya feni naye ana la kufanya. Ibada ya saa mbili irekodiwe kwa Full HD, au 4K ya picha 25 kwa sekunde. Picha 50 kwa sekunde ziwekwe kwa vipande vifupi vya mwendo wa taratibu. Fungua skrini uitenge na mgongo wa kamera, joto lipate pa kutokea. Iache kamera imezimwa mpaka tukio likaribie, maana hata ikiwa imewaka bila kurekodi inazidi kupata moto. Ikae kivulini au chini ya mwavuli, na isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kwenye Sony nyingi kuna mpangilio wa kiwango cha joto la kujizima. Kipandishe ikiwa kamera iko kwenye stendi, kwa sababu ya mkononi inaweza kukuunguza. Usiipoze kwa barafu wala friji: unyevu utaingia ndani na kuharibu zaidi.

Juu ya yote, ijaribu kabla ya kazi. Iwashe mchana wa joto, kwa mpangilio ule ule utakaotumia, irekodi mpaka ikate, kisha andika muda. Shughuli ikizidi muda huo, nenda na kamera ya pili.

Wauzaji nao waache kutaja 8K na kunyamazia dakika. Mteja ana haki ya kuambiwa kamera inadumu muda gani na kwenye joto lipi. Na wenye shughuli wasishindanie ubora ambao simu zao na televisheni zao hazitauonyesha.

Mpiga video, mteja wako hatakuuliza ulirekodi kwa nukta ngapi. Atatafuta sauti ya baba yake akitoa nasaha, mwanzo hadi mwisho. Hakikisha ipo.