Mkataba Usiohesabu Jasho



Ndugu wapendwa, kijana wa Kisanga asiye na mtaji huipata pikipiki kwa mkataba: kila siku humpelekea tajiri hesabu, hata chombo kiwe chake. Mpango huo si dhambi. Dhambi ni kipengele kisemacho kwamba akishindwa siku chache, ananyang'anywa pikipiki pamoja na fedha zote alizokwisha kutoa.

Tuchukue mfano. Shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa juma, kwa majuma 40, ni shilingi 2,400,000. Augue malaria juma moja, zote zipotee? Ndiyo maana wengine huendesha usiku, wagonjwa na wamechoka, wakiikimbiza hesabu.

"Alitia sahihi mwenyewe," husema tajiri. Papa Leo XIII, akizungumzia ujira katika waraka Rerum Novarum wa mwaka 1891, alikwisha kumjibu: haki ya asili iko juu ya mapatano, na anayekubali masharti magumu kwa kuogopa mabaya zaidi amedhulumiwa.

Wenye pikipiki mnaokomunika kila Dominika, andikeni kila malipo daftarini. Mkataba ukivunjika, toeni kilicho haki yenu, salio mrudishieni kijana.

Dominika njema.