Sauti za ajabu baharini: Sio dubwana, ni barafu na nyangumi

Mwaka 1997, vinasa sauti vya taasisi ya bahari na anga ya Marekani, NOAA, vilidaka mngurumo mzito ndani ya Bahari ya Pasifiki. Vinasa vilivyokuwa mbali kwa maelfu ya kilomita vyote viliusikia. Ukapewa jina la Bloop, na mitandaoni zikaanza stori za dubwana kubwa kuliko nyangumi.

Jibu lilichukua miaka. NOAA ilipozidi kurekodi karibu na Antaktika, ikabaini kuwa mlio kama huo hutokea barafu kubwa inapopasuka na kumeguka.

Ndani ya maji, sauti husafiri mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani.

Kisa kingine ni cha 2014, karibu na Mtaro wa Mariana: mlio unaoanza kwa mguno na kuishia kama chuma kinachogongwa. Mwaka 2024 watafiti walisema mwenye sauti ni nyangumi aina ya Bryde. Akili mnemba iliwasaidia kuchambua zaidi ya saa 200,000 za rekodi.

Kwa nini hili lina uzito? Nyangumi huwasiliana kwa sauti, na kelele za meli zinazimeza. Tukijua sauti ipi ni ya nani, tunajua nyangumi wako wapi na meli zipunguze mwendo wapi. Dubwana la kuogopa ni kelele zetu wenyewe.