Barua kutoka Brussels: Jeep nunueni huko huko

Ndugu zangu wa Bukavu, yaani Ibanda, Kadutu na Bagira, nanyi wa Kabare na Walungu,

Kila familia yenye mtoto Ulaya ina ombi moja: "Tutumie jeep." Ya kumpandisha mama Walungu, ya kuwapeleka watoto Lwiro Jumapili, ya kufika harusini Kaziba bila wageni kushuka kusukuma. Ombi ni halali. Ninachokataa ni jeep yenyewe kutoka huku.

Heyvaert, mtaa wa Brussels unaouza magari ya mitumba yanayokwenda Afrika kupitia bandari ya Antwerp, jeep zimepangwa zinang'aa. Lakini kila majira ya baridi huku wanamwaga chumvi barabarani barafu iyeyuke, na chumvi hiyo inakula chasi. Juu rangi, chini kutu. Tena magari ya mazutu yaliyouzwa Ulaya tangu 2011 yana kichujio cha moshi, na kichujio hicho hutaka safari ndefu ya mwendo kasi ndipo kiunguze masizi yake. Nionyesheni barabara ya namna hiyo kati ya Nyawera na Panzi! Kikiziba, injini inaishiwa nguvu, na mafundi wetu wengi hawana kompyuta ya kukishughulikia.

Hela nitatuma, gari tafuteni lililokwisha kufika kutoka Japani kupitia Dar es Salaam. Usukani wake uko kulia na sisi tunaendesha kulia, kwa hiyo dereva haoni mbele anapotaka kulipita lori. Anayeketi kando yake awe mtu mzima mwenye macho, si mtoto wa kupakatwa.

Mimi ningeanza na Prado ya 1996 hadi 2002. Ina 4x4 ya kudumu, ina gia ndogo, na fundi anaijua. Yenye injini ya 1KZ ina turbo, na kwenye mwinuko wetu wa mita 1,500 turbo ni msaada mkubwa. Ubaya wake ni hedi: ikichemka, hupasuka. Basi nendeni asubuhi, tena bila kumwarifu muuzaji saa mtakayofika. Wekeni mkono juu ya boneti. Ikiwa na joto, kuna kitu ameficha, rudini kesho. Ikiwa baridi, fungueni rejeta mtazame kama maji yana utando wa mafuta, kisha washeni injini kifuniko kikiwa wazi. Mapovu yakizidi kupanda bila kukoma, aganeni naye kwa heshima. Baadaye mmoja alale chini na nyundo ndogo, agonge chasi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza kinatoa sauti ya boksi.

RAV4 ya zamani inatosha kwa anayeishia Katana. Haina gia ndogo, kwa hiyo mteremko wa Ngomo, njia ya Uvira, mtauteremka kwa breki tupu, na si bure wengi wanaokwenda huko huzungukia Bugarama, Rwanda. Pikapu ya Land Cruiser je? Imara sana, na siitaki. Huko Chad mwaka 1987 vita vizima vilipewa jina la Toyota kwa sababu ya pikapu hizo, na tangu hapo kila mwenye bunduki anazipenda. Hata kabla waasi wa M23 hawajaingia Bukavu Februari 2025 sikutaka ilale kwetu. Sasa ndiyo kabisa.

Vijana wataomba taa za paani na kuinua gari sentimita 10. Wakatalieni. Hela ya kwanza iende kwenye matairi ya udongo, na msome tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji anaweza kuyapaka rangi yakawa meusi kama mapya. Tarakimu hizo hazidanganyi. Halafu springi ngumu za nyuma, kuinua sentimita 4 au 5 basi. Zaidi ya hapo viungo vya ekseli vinakaa upande na kuisha mapema, na gari lenye magunia ya mihogo paani linaweza kulala kwenye kona ya kwanza iliyoinama. Bati la kukinga injini kwa chini, ndoano mbili za kuvutia zilizofungwa kwenye chasi, pampu ndogo ya upepo: kwenye tope la Mwenga mnapunguza hadi bari 1.5, mkitoka mnajaza tena.

Lile bomba la kuvutia hewa juu ya kioo linafaa kwa vumbi. Mto halivuki. Baada ya mafuriko ya Mei 2023 huko Bushushu na Nyamukubi, sina haja ya kuwaeleza maji ya mlimani yanafanya nini. Mkikuta maji yanakimbia, geuzeni.

Mkipata gari, kabla ya kulipa nitumieni picha ya chini yake. Ya mbele, na watoto wameegemea, itafuata.