Maumivu ya saratani yahitaji lugha moja ya wauguzi

UCHAMBUZI
Na Mwandishi Wetu, Iramba

MGONJWA wa saratani anayetoka Kinampanda, kata ya Wilaya ya Iramba mkoani Singida inayofahamika zaidi kwa chuo chake cha ualimu, husafiri na vitu viwili: maumivu yake na karatasi ya rufaa. Maumivu hufika yote. Maelezo yake huweza kufika nusu.

Safari hiyo huanzia zahanati, hupitia Kiomboi yaliko makao makuu ya wilaya, kisha Singida mjini, na huweza kuishia Hospitali ya Bugando jijini Mwanza au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kila kituo kina wauguzi wake, na pasipo istilahi za pamoja kila mmoja huandika kwa namna yake.

Mmoja ataandika kuwa mgonjwa ana maumivu. Mwingine ataongeza kuwa ni makali. Wa tatu ataeleza kuwa dawa imetolewa, bila kusema kama ilisaidia.

Chanzo kimojawapo ni lugha. Mzee wa Kinampanda anaweza kueleza hali yake kwa Kinyiramba, muuguzi akamwelewa kwa Kiswahili, na faili likaandikwa kwa Kiingereza. Katika mavuko hayo, kuchoma, kupwita, kunyonga na ganzi hugeuka neno moja tu: maumivu.

Hasara yake si ndogo. Maumivu yanayochoma kama moto, au yanayoambatana na ganzi, mara nyingi huashiria kuwa mishipa ya fahamu imeguswa, na huenda yakahitaji dawa nyingine pamoja na mofini. Maumivu yanayorudi kila mara kabla ya saa ya dozi huashiria kuwa kipimo hakitoshi. Daktari asiyepewa habari hizo hubahatisha.

Ni kwa hoja ya aina hiyo Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilianza mwaka 1989 kuandaa mfumo wa istilahi za uuguzi uitwao ICNP. Ndani yake tatizo la mgonjwa, hatua ya muuguzi na matokeo yake hupewa majina yanayoeleweka kwa namna moja kila mahali. Mwaka 2008 mfumo huo uliingizwa katika jamii ya mifumo ya uainishaji ya Shirika la Afya Duniani (WHO).

WHO yenyewe ilitoa mwaka 1986 mwongozo wa ngazi ya dawa zenye madaraja matatu, zitolewe kwa mdomo na kwa kufuata saa. Lakini ngazi haipandwi kwa kukisia.

Wapo watakaosema wauguzi ni wachache na fomu mpya ni mzigo mpya. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, Chama cha Huduma Shufaa Afrika kina kipimo cha sifuri hadi tano ambacho mgonjwa huweza kukijibu kwa vidole: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Kuandika tarakimu hakuchukui muda.

Ni kweli pia kwamba maneno hayatulizi maumivu. Dawa ndiyo hutuliza. Uganda iliruhusu mwaka 2004 wauguzi wenye mafunzo maalumu kuwaandikia wagonjwa mofini. Muuguzi aliyekabidhiwa dhamana kama hiyo hawezi kutegemea neno moja.

Wizara ya Afya, Baraza la Uuguzi na Ukunga na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) wana sababu ya kuketi pamoja, waandae orodha fupi ya istilahi za maumivu kwa Kiswahili, yenye nafasi ya maneno ya wenyeji. Kuazima orodha ya ng'ambo bila kupita kwenye kinywa cha mgonjwa kutaongeza mavuko mengine.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Tofauti ni kwamba mgonjwa wa Kinampanda bado anaweza kusema. Kinachotakiwa ni alichokisema Kinampanda kisomeke vilevile Ocean Road.