Programu ya picha isimfute kovu mtoto aliyepotea

GOMA – Katika vibanda vya picha vya mji huu, kijana akipata kompyuta ya mitumba, jambo la kwanza analoomba ni kuwekewa Photoshop. Haulizi inalipiwa vipi. Fundi anachomeka flashi, anaiweka ile ya wizi, na kazi inaanza. Desturi hiyo imezoeleka. Lakini picha zinazopita mikononi mwa vijana hao leo si za arusi na ubatizo peke yake, na ndiyo sababu wanapaswa kuchagua upya.

Nyingi ni za familia zilizokimbia vita. Mama aliyepotezana na mtoto njiani anafika na simu iliyopasuka kioo, ndani mna picha moja tu, tena ya gizani. Anataka itolewe kwenye karatasi aizungushe makanisani na sokoni, na aipeleke kwa watu wa Msalaba Mwekundu wanaosaidia kutafuta jamaa. Hapo ndipo programu inapopimwa.

Kuongeza mwanga ni msaada. Kukata pembeni ili uso uonekane vizuri, pia ni msaada. Tatizo ni kile kitufe cha kupendezesha ambacho siku hizi kimejaa katika programu za simu: ngozi inakuwa nyeupe, mashavu yanapungua, kovu la juu ya jicho linatoweka. Nyingine zinatumia akili bandia. Zinachukua sura yenye ukungu na kuichora upya, safi kabisa. Anayetoka ni mtoto mzuri, ila si yule. Mashine haimjui, inabahatisha kwa kufuata sura nyingine nyingi ilizofundishwa. Na kovu lile ndilo ambalo shangazi angelitambua kwa mbali.

Wapiga picha watajibu kwamba mteja ndiye anayetaka ngozi laini. Kwa arusi, sawa, ni pesa yake na sura yake. Kwa picha ya kutafuta mtu, au ya kitambulisho, hapana. Isitoshe, simu nyingi zinapendezesha tangu kamera inapofunguliwa, bila mtu kuombwa ruhusa. Kabla ya kubishana juu ya programu, mpiga picha aingie kwenye kamera yake akizime hicho kitu.

Programu nzuri kwa kazi hii, basi, ni ile isiyogusa picha ya asili. Lightroom hufanya hivyo: inaandika pembeni tu maagizo ya mabadiliko, na picha yenyewe inabaki kama ilivyopigwa. Darktable hufanya vilevile, nayo ni ya bure. Kwenye simu, Snapseed ya Google ni ya bure pia, inafanya kazi bila intaneti, na ukichagua kutoa nakala mpya, ile ya kwanza inabaki salama. Kwa kibanda cha kawaida, Snapseed inatosha kazi nyingi za siku. Watu wanaidharau kwa sababu haina jina kubwa.

Kuhusu Photoshop, hakuna anayekataa ubora wake. Lakini tangu 2013 matoleo yake mapya yanalipiwa kwa mwezi au kwa mwaka, kwa kawaida kwa kadi ya benki kupitia intaneti. Benki za Goma zilifunga milango Januari 2025. Ni nani atalipa, na kwa njia gani? Ile ya wizi nayo huja na virusi mara nyingi, na virusi vikiingia, picha za miaka zinaweza kupotea siku moja. Kwa familia iliyoacha albamu ndani ya nyumba iliyochomwa, faili zile za kibandani huenda ndizo pekee zilizobaki.

GIMP ipo tangu 1996, ni ya bure kihalali, na inabebwa kwenye flashi bila kumwibia mtu. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, linaruhusu kurudi nyuma na kurekebisha vichujio vingi hata baada ya kuviweka. Ni ngumu kidogo mwanzoni, na vitufe vyake havikai pale ambapo mkono wa mtu wa Photoshop umezoea. Wiki mbili za uvumilivu si bei kubwa.

Liko jambo ambalo vibandani halizungumzwi sana: mahali. Simu ikiwa imewashwa kipimo cha mahali, picha hubeba ndani yake alama ya pale ilipopigwa. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, alama hiyo hutolewa, lakini ubora unashuka. Ukiituma kama faili ili ubora ubaki, alama inakwenda nayo. Kwa familia inayojificha, hilo si jambo dogo. Uso wa asiyetaka kuonekana nao ufunikwe kwa kisanduku cheusi kizima, kisha itumwe nakala ya JPEG, si faili ya kazi ya GIMP ambamo uso bado uko chini ya kisanduku. Na kipimo cha mahali huzimwa kwenye mipangilio ya kamera, mara moja tu, bila kulipa kitu.