Jina la tovuti: Ni mali ya nani?

Tangu Uingereza na Mauritius zilipotangaza maafikiano kuhusu visiwa vya Chagos mnamo Oktoba 3, 2024, mjadala wa kisiasa umezunguka kambi ya kijeshi ya Diego Garcia na hatima ya wenyeji waliofurushwa visiwani humo. Lakini katika afisi za wataalamu wa kuunda tovuti, habari hizo zilizua swali la aina nyingine kabisa: herufi mbili, .io, zitaishia wapi?

Swali hilo si la mzaha. Herufi hizo zilitengewa himaya ya Uingereza katika Bahari ya Hindi mnamo 1997, na himaya yenyewe ndiyo visiwa vya Chagos. Kwa kuwa katika lugha ya tarakilishi herufi I na O huwakilisha kuingiza na kutoa data, kampuni za teknolojia zilizipenda mno. Zilizilipia kutoka kila pembe ya dunia, na kampuni changa za Nairobi hazikuachwa nyuma. Wengi wa waliojenga biashara zao juu ya jina hilo hawakujua kwamba wamejenga juu ya mzozo wa mipaka ambao ulianza 1965, Uingereza ilipovitenga visiwa hivyo na Mauritius kabla ya kuipa uhuru.

Kati ya 1968 na 1973, wakazi wa Chagos waliondolewa kwa lazima ili kuipisha kambi ya Marekani, wakatupwa Mauritius na Ushelisheli. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni yake Februari 25, 2019 kwamba Uingereza ilipaswa kukomesha utawala wake huko upesi iwezekanavyo. Mkataba wa kuirejeshea Mauritius mamlaka ulitiwa saini Mei 22, 2025, Diego Garcia ikibaki mikononi mwa Uingereza kwa ukodishaji wa miaka 99. Katika miaka hiyo yote, jina la visiwa hivyo liliuzwa mtandaoni, na makundi yanayowatetea Wachagosi yamelalamika kwamba wenyewe hawakuonja matunda yake.

Hapa ndipo penye funzo kwa yeyote mwenye tovuti, awe mwenye duka la viatu Gikomba, shule ya upili Kisii au shirika la misaada Lodwar. Jina la tovuti huonekana kama mali ya aliyelilipia. Ukweli ni kwamba jina hilo hukodishwa tu, na mkodishaji naye ana mkubwa wake.

Ngazi nne za mamlaka

Ili kulielewa jambo hili, ni vyema kurejelea asili yake. Katika siku za mwanzo za intaneti, majina yote ya tarakilishi zilizounganishwa yaliwekwa katika faili moja iliyotunzwa na taasisi moja huko California. Kila aliyetaka tarakilishi yake itambulike aliomba iongezwe katika orodha hiyo. Idadi ilipozidi, faili hiyo ililemewa. Mnamo 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo unaotumika hadi leo, ambapo kazi ya kutunza majina imegawanywa kwa ngazi kama utawala wa mikoa, wilaya na kata.

Mwenye tovuti yumo katika ngazi ya chini. Juu yake yupo wakala anayemuuzia jina na kumtoza ada ya kila mwaka. Juu ya wakala lipo shirika linalotunza orodha nzima ya majina yenye mwisho fulani, mathalan .ke au .com. Na kileleni lipo shirika la ICANN lenye makao yake California, ambalo huamua ni mwisho upi utambuliwe na ni nani aukabidhiwe.

Kuhusu majina ya nchi, ICANN hujikinga dhidi ya siasa kwa kufuata orodha ya herufi mbilimbili iliyoandaliwa na shirika la kimataifa la viwango, ISO. Nchi ikiwa katika orodha hiyo, huwa na jina. Ikiondolewa, jina nalo huanza safari ya kaburini.

Wapo waliokwisha kulipitia hilo. Zaire ilipogeuka kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo mnamo 1997, .zr ilikosa mwenyewe, .cd ikachukua nafasi yake, na ile ya kwanza ikafutwa miaka michache baadaye. Yugoslavia ilikuwa imekwisha kusambaratika kitambo wakati .yu ilipozimwa Machi 2010, na kila tovuti iliyokuwa haijahama ikatoweka. Kinyume chake, .su ya Muungano wa Kisovieti iliendelea kusajiliwa miaka mingi baada ya muungano wenyewe kuvunjika 1991. Tofauti hizo ziliwafanya wadau kutunga kanuni rasmi, ambayo bodi ya ICANN iliidhinisha mwaka 2022. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, jina la nchi iliyoondolewa katika orodha hupewa miaka mitano ya kufunga shughuli, na muda huo waweza kurefushwa hadi miaka 10.

Kwa hivyo, wenye majina ya .io hawana haja ya kukesha. Mkataba wa kisiasa peke yake haufuti jina, mradi herufi zenyewe zimo katika orodha ya ISO. Hata hivyo, wamejua sasa kwamba uamuzi huo haumo mikononi mwao, wala mikononi mwa wakala wanayemlipa.

Neema na balaa

Kwa mataifa madogo, herufi mbili zimekuwa kisima cha fedha. Tuvalu, taifa la visiwa katika bahari ya Pasifiki, ilikodisha .tv kwa kampuni ya Marekani mwaka 2000, na fedha hizo ziliisaidia kumudu gharama za kujiunga na Umoja wa Mataifa mwaka huohuo. Anguilla, kisiwa cha Karibiani chenye watu wasiotimia 20,000, ilibahatika kuwa na .ai. Homa ya akili bandia ilipopanda, kisiwa hicho kilivuna takriban dola milioni 32 mwaka 2023, zaidi ya moja kwa tano ya mapato yote ya serikali yake.

Lakini si kila mwenye kisima hunywa. Mali, Gabon na Jamhuri ya Afrika ya Kati ni miongoni mwa nchi ambazo majina yao yaliendeshwa na kampuni ya Kiholanzi, Freenom, iliyoyatoa bure. Cha bure kiliwavutia wengi, matapeli wakiwemo, na majina hayo yakaharibika sifa hadi mitambo mingi ya barua pepe ikayashuku yote bila kubagua. Gabon ililichukua tena jina lake Juni 2023, na Mali ikafuata mwezi uliofuata mkataba wake ulipomalizika. Mamilioni ya majina ya Gabon yalifutwa ili orodha ianze upya. Mwanzoni mwa 2024, Freenom ilitangaza kuiacha biashara hiyo.

Kisa cha Mali kilikuwa na kioja chake. Mwisho wa jina la jeshi la Marekani ni .mil, nao wa Mali ni .ml. Kwa miaka mingi, maafisa waliosahau herufi moja walituma barua pepe zao Mali pasipo kujua, na kufikia 2023 ilibainika kwamba barua za namna hiyo zilikuwa mamilioni. Kosa la kidole kimoja liligeuka kuwa suala la usalama wa taifa.

Ada nazo ni mwiba. Mnamo Novemba 2019, shirika la Internet Society lilitangaza kuuza kampuni inayosimamia .org kwa wawekezaji wa kibinafsi kwa dola bilioni 1.135. Miezi michache awali, kikomo cha bei ya majina hayo kilikuwa kimeondolewa. Mashirika yasiyo ya kibiashara kote ulimwenguni yalipiga kelele, yakihofia kwamba mnunuzi angepandisha ada na yenyewe hayangekuwa na pa kwenda, kwa sababu kuhama jina ni kupoteza barua, viungo na sifa ya miaka mingi. Mwanasheria Mkuu wa California aliingilia kati, na Aprili 30, 2020, ICANN ikakataa kuidhinisha mauzo hayo. Ushindi huo ulipatikana kwa sababu walalamishi walikuwa wengi na wenye sauti. Duka moja au shule moja haina ubavu huo.

Kenya na herufi zake

Hapa nchini, safari ya .ke ilianza mwaka 1993. Wakati huo ilisimamiwa kwa kujitolea na Dkt Shem Ochuodho, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Rangwe, akisaidiwa kiufundi na Randy Bush aliyekuwa Marekani. Matumizi ya intaneti yalipokua, ilidhihirika kwamba jina la taifa halingeendelea kutegemea watu wawili, hata wawe waaminifu kiasi gani. Baada ya mashauriano marefu kati ya serikali, kampuni za intaneti na wadau wengine, shirika la KENIC liliundwa, na ICANN ikaidhinisha likabidhiwe jina hilo mwishoni mwa 2002.

Muundo huo, ambapo serikali ni mmoja wa wadau badala ya kuwa mwenye kauli yote, umeikinga .ke dhidi ya balaa mbili: kuuzwa kwa bei ya kutupa kama yaliyoikumba Mali, na kugeuzwa rungu la kuwanyamazishia wakosoaji. Ni muundo unaostahili kulindwa, hasa nyakati ambapo kila taifa linatafuta njia ya kudhibiti yanayosemwa mtandaoni.

Bara zima nalo lilijifunza kwa njia ngumu. Kinyang'anyiro cha .africa kati ya shirika la Afrika Kusini lililoungwa mkono na Umoja wa Afrika na shirika la DotConnectAfrica kiliishia mbele ya jopo la wapatanishi na mahakama za California. Jina lenyewe lilianza kutambuliwa mtandaoni Februari 2017, baada ya miaka ya mabishano. Kwamba hatima ya jina la Afrika ilisubiri hakimu wa Los Angeles ni jambo linaloeleza, kuliko hotuba yoyote, nguvu za intaneti zimelalia wapi.

Mali bila daftari

Hata hivyo, majina mengi hayapotei kwa mikataba ya kimataifa. Hupotea kwa uzembe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali ambayo methali hiyo inaihusu zaidi ya jina la tovuti. Mkesha wa Krismasi wa 1999, kampuni ya Microsoft ilisahau kulipia jina passport.com, na huduma ya barua pepe ya Hotmail ikayumba. Aliyeiokoa ni mtaalamu mmoja wa Marekani ambaye alitoa dola 35 kutoka mfukoni mwake akalilipa deni hilo. Ikiwa kampuni tajiri kiasi hicho yaweza kusahau, sembuse chama cha akiba na mikopo kijijini?

Tatizo lililoenea zaidi ni la usajili. Aghalabu, anayeunda tovuti ndiye husajili jina, na hulisajili kwa anwani yake ya barua pepe na nambari yake ya simu. Siku akihamia ughaibuni, akikosana na mteja au akiaga dunia, mwenye biashara hugundua kwamba kisheria yeye si chochote kwa jina alilolitangaza kwa miaka kumi. Dawa yake haihitaji utaalamu: jina lisajiliwe kwa anwani ya shirika lenyewe, siri ya kuingilia itunzwe na zaidi ya mtu mmoja, na tarehe ya malipo iandikwe pale ambapo mhasibu ataiona.

Kuna wanaoshikilia kwamba masuala haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa wateja wako kwenye mitandao ya kijamii. Historia haiwaungi mkono. Teknolojia ya milisho ya RSS, iliyozuka 1999, ilimwezesha msomaji kuletewa kila makala mpya kutoka tovuti azipendazo bila kampuni yoyote kumchagulia. Watu wengi walizoea kuisoma kupitia programu moja tu, Google Reader. Google ilipoifunga Julai 1, 2013, wengi walidhani milisho imekufa. Haikufa: vipindi vya sauti vinavyosikilizwa kwenye simu leo husafirishwa kwa milisho hiyohiyo. Kilichokufa ni dirisha la kampuni moja. Waliokuwa na tovuti na majina yao wenyewe walibaki na makala yao mahali palepale, na wasomaji wakawafuata kwa dirisha jingine.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya aliye na anwani yake na anayefanya biashara kwenye baraza la mwenziwe. Anwani, ijapokuwa ni ya kukodi, huja na kanuni, muda wa ilani na mahali pa kulalamika. Ukurasa kwenye mtandao wa kijamii waweza kufungwa usiku mmoja, na anayeufunga asijulikane.

Kwa Mkenya anayechagua jina leo, basi, herufi za mwisho si pambo. Akichagua za nchi ya mbali kwa sababu zinapendeza, ataishi kwa sheria za nchi hiyo, bei zake na migogoro yake. Akichagua .ke, wanaosimamia jina lake wako Nairobi, na wakikosea, ana mlango wa kubisha.